Sauti za manusura ndani ya makumbusho: nani ana neno la mwisho?

Tume iliyochunguza makao ya akina mama wasioolewa na watoto wao nchini Ireland ilipokea ushuhuda wa watu wapatao 550 kupitia kamati yake ya faragha. Wengi walikuwa wanawake waliojifungulia katika makao hayo, au watu waliozaliwa humo na kutolewa wangali wachanga walelewe na familia nyingine. Ripoti ilipotoka Januari 2021, baadhi yao waliusoma muhtasari wa maisha yao wasijitambue ndani yake, na walipotaka kurejea kwenye maneno yao wenyewe ikafahamika kwamba rekodi za sauti zilikuwa zimefutwa. Baada ya malalamiko makubwa ya umma, nakala za akiba zikapatikana. Juni mwaka huohuo mjumbe mmoja wa tume alieleza mbele ya wanazuoni kwamba ushuhuda ule haukutolewa kwa kiapo na kwa hiyo haukupewa uzito uleule wa ushahidi uliosikilizwa na tume yenyewe. Ilipofika Desemba, serikali ilikubali katika Mahakama Kuu mjini Dublin kwamba haki za manusura waliofungua kesi zilikiukwa, kwa kuwa hawakuonyeshwa rasimu ya ripoti kabla haijachapishwa.

Kisa hicho ni cha tume, lakini kila kosa lililotendeka pale linaweza kutendeka katika jumba la makumbusho, tena kwa nia njema. Mtu anasimulia, mwingine anafupisha, wa tatu anaamua kipi kihifadhiwe, na msimuliaji anakuja kuyaona matokeo siku ya ufunguzi pamoja na wageni wengine. Katika miaka ishirini iliyopita nchi kadhaa zimeanza kuyaweka masimulizi ya waliodhulumiwa katika makao ya watoto, shule za bweni za lazima, hospitali za wagonjwa wa akili na nyumba za kufulia nguo walimofungiwa na kutumikishwa wanawake, mahali ambapo umma unaweza kuyasikia. Naliunga mkono jambo hilo bila kusita. Ninachotilia shaka ni mazoea ya kuyapima maonyesho hayo kwa jinsi yanavyowagusa watazamaji, wakati swali la kiutawala linaachwa kando: simulizi ikishatolewa, mamlaka juu yake yako mikononi mwa nani?

Swali hilo lina uzito wa pekee hapa kwa sababu jumba la makumbusho nalo ni taasisi. Lina bodi, lina mfadhili, lina kanuni zake za ndani, na lina watumishi wenye idhini ya kuamua nini kiwekwe wazi na nini kifungiwe stoo. Mara nyingi mfadhili huyo ni serikali ileile iliyowapeleka watoto kwenye makao, au iliyofumba macho walipokuwa wakipigwa. Kwa mtu ambaye utoto wake wote uliamuliwa na ofisi, kuingia katika ofisi nyingine yenye fomu za kutia saini, hata kama anakaribishwa kwa chai na maneno ya upole, si jambo dogo.

Sababu ya kuzihitaji sauti hizi iko wazi kwa yeyote aliyewahi kusoma faili za taasisi za malezi. Taasisi hizo ziliandika sana: daftari la kuingia, cheti cha daktari, barua kwa idara, orodha ya adhabu. Katika maandishi hayo mtoto ni mkaidi, mwongo au mzito wa akili, na aliyeandika hivyo hakulazimika kumwuliza. Mfano mmoja ni kituo cha Torgau katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki, kilichofanya kazi kuanzia 1964 hadi 1989 na kuwapitisha vijana zaidi ya 4,000 wa umri kati ya miaka 14 na 18, waliofungiwa humo bila hukumu ya mahakama yoyote. Nyaraka za utawala zinazungumzia malezi na nidhamu. Leo hapo pana kituo cha kumbukumbu, ila jengo la seli lenyewe liligeuzwa nyumba za kupanga baada ya nchi kuungana, hivyo mgeni hawezi kutegemea kuta zimweleze yaliyotokea. Maneno ya waliofungwa ndiyo yanayofanya kazi hiyo, na bila hayo neno nidhamu lingebaki na maana ile ile aliyoikusudia mwandishi wa faili.

Uswisi inatoa mfano wa namna nyingine. Kwa vizazi kadhaa, hadi baada ya katikati ya karne ya 20, mamlaka za huko ziliwachukua watoto wa maskini, mayatima na watoto waliozaliwa nje ya ndoa na kuwaweka mashambani, ambako wengi walitumikishwa kama vibarua wasiolipwa. Watafiti waliwahoji wazee waliopitia hali hiyo, na mwaka 2009 mahojiano hayo yakawa kiini cha maonyesho yaliyofunguliwa mjini Bern na kisha kuzungushwa katika miji mingine, mgeni akisikiliza sauti za wazee hao kwa lugha na lahaja zao. Serikali ya shirikisho iliomba radhi rasmi Aprili 2013, na sheria iliyoanza kutumika 2017 ikaweka malipo ya faranga 25,000 kwa kila mwathiriwa aliyetambuliwa. Siwezi kusema kwamba maonyesho ndiyo yaliyoleta radhi hiyo, kwa kuwa manusura wenyewe walikuwa wamepiga kampeni kwa miaka mingi. Lakini mpangilio wa matukio unaonyesha jambo: umma ulisikia kabla serikali haijakiri, na serikali ilipokiri haikuwa na nafasi ya kuchagua ni sehemu gani ya historia iambatane na radhi yake.

Kule Australia mambo yalikwenda kinyume. Ripoti ya Seneti ya 2004 ilikadiria kwamba zaidi ya watoto 500,000 walipitia makao na taasisi katika karne ya 20. Radhi ya taifa ilitolewa tarehe 16 Novemba 2009, na serikali ikaambatanisha nayo fedha za mradi wa historia simulizi katika Maktaba ya Taifa, ambao ulikusanya mahojiano yapatayo 200, pamoja na maonyesho yaliyofunguliwa Canberra Novemba 2011 katika Makumbusho ya Taifa. Hapa mkosaji ndiye aliyelipia kusikilizwa kwa kosa lake. Mpango huo una faida zake, kwani fedha za kutosha humwezesha mhojaji kumfuata mzee mahali alipo na kurudi mara ya pili, lakini unadai ulinzi wa ziada ili simulizi zisije zikageuzwa mapambo ya radhi. Ulinzi mmoja wapo, ambao maktaba za aina ile zimeuzoea kuliko makumbusho, ni kumwachia mhojiwa aweke masharti ya matumizi: rekodi yake iwe wazi kwa wote, iombwe kwa kibali chake, au ifungwe kwa muda anaotaka.

Suala la ridhaa ndilo ninalotaka kulikalia kwa muda, kwa sababu ndilo linaloonekana kumalizwa mapema kuliko yote. Kwa kawaida msimuliaji hutia saini fomu mwishoni mwa mazungumzo, akiwa amechoka, pengine akiwa ametoka kusema jambo ambalo mwenzi wake wa ndoa hajawahi kulisikia. Fomu inataja maonyesho, machapisho na matumizi ya kielimu. Miaka miwili baadaye uso wake uko ukutani kwa ukubwa unaozidi mwili wake, sauti yake inarudiwa kila baada ya dakika nne, na kipande kifupi kimewekwa mtandaoni ambako mwajiri wa mtoto wake anaweza kukiona. Kisheria alikubali yote hayo. Kimaadili alikubali kitu kimoja, nacho kikageuka kuwa kingine pasipo yeye kuulizwa. Kwa hiyo ridhaa inapaswa kuombwa upya katika kila hatua ambayo simulizi inabadilika umbo: inaponukuliwa kutoka kwenye sauti kwenda maandishi, inapokatwa, inapowekwa kando ya simulizi nyingine au picha ya jengo, inapoingizwa kwenye intaneti, inaposafirishwa na maonyesho kwenda mji wa nyumbani kwa msimuliaji. Kila mara awe na uwezo wa kukataa bila kutakiwa kueleza sababu. Nimewasikia wasimamizi wa maonyesho wakisema kwamba utaratibu huo hautekelezeki, kwamba ratiba haiwezi kumsubiri kila mtu. Ratiba hizo hizo humsubiri mkopeshaji wa mchoro wa thamani, hupeleka barua tatu kwa wakili wake, na huondoa mchoro ukutani siku anapoutaka.

Kuna pia swali la kutojulikana. Kubadilisha jina hakutoshi, kwa maana sauti inamtambulisha mtu kwa ndugu zake, na tukio moja la kipekee linamtambulisha kwa kila aliyelala naye bweni moja. Baadhi ya manusura wanataka majina yao kamili yaandikwe kwa sababu kwa miaka yote ya utoto waliitwa kwa namba. Wengine hawataki kabisa. Jumba la makumbusho linaloweka kanuni moja kwa wote, iwe ya kuficha au ya kufichua, limeamua kwa niaba ya watu ambao tayari waliamuliwa vya kutosha.

Baada ya ridhaa huja mkasi. Mahojiano ya saa tatu hukatwa hadi dakika tatu, na anayekata, akiwa na haraka na akifikiria mgeni mwenye haraka kumzidi, huchagua pale sauti inapovunjika. Kinachoachwa nje kina thamani kubwa: mpishi aliyekuwa akipenyeza mkate, mchezo uliobuniwa kwa vifungo vya nguo, urafiki uliodumu miaka sitini, dakika nzima ya kicheko. Yanaachwa pia maisha yaliyofuata, yaani kazi, ndoa, ulevi ulioshindwa au usioshindwa, chama kilichoundwa, siku ya kwenda bungeni kudai faili. Mgeni anatoka akimjua mtoto aliyeumizwa, hamjui mtu mzima aliyeilazimisha nchi kusikiliza, ilhali takriban kila uchunguzi wa aina hii duniani umefanyika kwa sababu manusura waliushinikiza. Na kuna jambo ambalo makumbusho huliogopa kuliko yote, nalo ni mtoto aliyepigwa ambaye naye alikuja kuwapiga watoto wadogo kuliko yeye. Masimulizi yamejaa watoto wa namna hiyo, na mara nyingi wao wenyewe ndio wanaoyasema bila kuulizwa. Kuwaondoa ili kubakiza waathiriwa wasio na doa ni kuificha njia ambayo taasisi hizo zilitumia kujiendesha, kwani mahali penye walezi wachache na watoto wengi, ukatili wa wakubwa kwa wadogo ulikuwa sehemu ya utawala.

Tiba yake inafahamika, na gharama yake ni muda: msimuliaji akae na mhariri, asikie kipande kilichopendekezwa, aseme kama ni yeye. Simulizi chache ndefu zina faida kubwa kuliko ukuta wa nukuu arobaini. Viti, vipokea sauti vya masikioni na chumba kisicho na mwangwi vinamwezesha mgeni kusikiliza dakika ishirini, na asiyetaka kuketi dakika ishirini hatapata hasara kubwa akipita tu.

Wapo watakaouliza kuhusu ukweli. Kumbukumbu hukosea, na wenye kutetea taasisi hupenda kulisema hilo kana kwamba ni ugunduzi. Mfano uliojadiliwa sana miongoni mwa wanahistoria ni wa Luigi Trastulli, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma mjini Terni, Italia, aliyeuawa na polisi Machi 1949 katika maandamano ya kupinga nchi yake kujiunga na NATO. Miongo kadhaa baadaye wafanyakazi wenzake wengi walisimulia kwamba aliuawa mwaka 1953, wakati wa maandamano dhidi ya kufukuzwa kazi kwa maelfu. Tarehe si sahihi, lakini kosa lenyewe linaeleza ni lipi lililowauma na kwa nini kifo kile hakikuweza kubaki bila maana. Jumba la makumbusho halipaswi kuisahihisha simulizi kimyakimya, wala kuionyesha kana kwamba ni hati ya polisi. Liweke maneno ya msimuliaji, liweke waraka kando yake, na liseme wazi pale vinapopishana. Tena likumbuke kwamba waraka nao una mwandishi mwenye maslahi. Daftari la adhabu lisilo na adhabu hata moja kwa mwaka mzima ni ushahidi wa daftari, si wa mwaka.

Ugumu zaidi uko kwenye majina ya waliotenda. Wanasheria wa makumbusho huogopa kesi za kashfa na hukata jina kwanza, kisha cheo, kisha mahali, mpaka dhuluma inabaki imetendwa na hakuna aliyeitenda. Ireland iliongeza kikwazo cha kisheria: sheria ya 2002 ya fidia kwa waliodhulumiwa utotoni katika taasisi ilifanya kuwa kosa la jinai kuchapisha habari za ombi au malipo kwa namna inayoweza kumtambulisha mtu au taasisi iliyotajwa, na manusura wengi waliielewa kuwa amri ya kunyamaza juu ya maisha yao yote. Hakuna maonyesho yanayoweza kuivunja sheria, lakini yanaweza kuonyesha mahali ilipokata. Pengo lililoachwa wazi kwenye maandishi, likiwa na maelezo ya nani aliyeagiza liwepo, humfundisha mgeni zaidi ya sentensi iliyolainishwa mpaka kovu halionekani.

Mahali nako kuna maneno yake. Pennhurst, karibu na Philadelphia nchini Marekani, ilikuwa taasisi ya watu wenye ulemavu wa akili iliyofunguliwa 1908 na kufungwa 1987 baada ya kesi iliyofichua hali ya kutisha ya waliokuwa wakiishi humo. Tangu 2010 sehemu ya majengo yake hutumika kama burudani ya mizimu, ambapo watu hununua tiketi ili watishwe. Wanaoogopwa katika mchezo huo ni walewale waliodhulumiwa. Tuilinganishe na Mohawk Institute huko Brantford, Ontario, nchini Kanada, shule ya bweni ya watoto wa mataifa ya asili iliyofungwa 1970. Paa lilipovuja vibaya mwaka 2013, kituo cha utamaduni kinachosimamia jengo kiliwauliza wanajamii kama libomolewe au litengenezwe, na manusura walikuwa miongoni mwa waliojibu. Wengi mno walitaka lisimame. Matofali ya ukuta wa nyuma bado yana majina yaliyochongwa na watoto. Tofauti kati ya sehemu hizi mbili haiko kwenye ubora wa ukarabati; iko kwenye nani aliyeulizwa.

Mpango ulionivutia kuliko yote niliyoisoma unatoka Kanada hiyohiyo. Msanii Carey Newman, ambaye baba yake alipitia shule za bweni, alikusanya vitu zaidi ya 800 kutoka kwenye maeneo ya shule hizo, makanisa na majengo ya serikali, na kuviunganisha mwaka 2014 kuwa kazi moja yenye urefu wa takriban mita 12 iitwayo Witness Blanket. Mwaka 2019 aliingia makubaliano na Makumbusho ya Haki za Binadamu ya Kanada mjini Winnipeg ambayo hayakuwa ya mauzo wala ya mkopo. Kwa maandishi na pia kwa sherehe ya mdomo, pande zote mbili zilikubali kuwa walezi wa kazi hiyo, huku haki zikiwekwa kwenye kazi yenyewe na masimulizi inayoyabeba. Wanasheria wanaweza kubishana kama hilo lina nguvu mahakamani. Kwa upande wangu naona limefanikiwa katika jambo lililo gumu: limemwondolea mwenye jengo dhana kwamba kilicho ndani ya jengo ni chake.

Pasipo makubaliano ya aina hiyo, kinachobaki kwa kawaida ni kamati ya ushauri. Manusura hualikwa, husikilizwa, hupigwa picha, na uamuzi hufanywa kwenye mkutano mwingine. Serikali ya Ireland ilitangaza Machi 2022 kwamba itajenga kituo cha taifa cha utafiti na kumbukumbu kwenye eneo la nyumba ya kufulia nguo ya Sean McDermott Street mjini Dublin, ya mwisho ya aina yake nchini, iliyofungwa 1996. Ni sahihi kabisa kupachagua mahali hapo. Lakini makumbusho ya hapo yatajulikana yalivyo kwa idadi ya viti vyenye kura ambavyo manusura watakuwa navyo, kwa bajeti ya kuwalipa wanapofanya kazi ya kuongoza wageni na kuhakiki maandishi, na kwa jibu la swali kama mtu anaweza kupata nakala ya faili na rekodi yake bila kuandika ombi kwa watu asiowajua. Malipo hasa hupuuzwa. Msanifu analipwa, mpiga picha analipwa, na anayeeleza kwa mara ya mia jinsi alivyofungiwa gizani hupewa nauli.

Wapo pia wasiotaka kusema, au waliosema mara moja na kutaka ikomee hapo. Kanada ililazimika kuamua juu yao. Katika mpango wa fidia kwa manusura wa shule za bweni, madai takriban 38,000 yalipokewa kwa ahadi ya usiri, na maelezo yake ni miongoni mwa ya kina zaidi yaliyowahi kukusanywa kuhusu dhuluma za kitaasisi. Serikali na kituo cha taifa kinachohifadhi kumbukumbu za tume ya ukweli iliyochunguza shule hizo walitaka nyaraka hizo zisipotee. Tarehe 6 Oktoba 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba zitunzwe kwa miaka 15, hadi Septemba 2027, kisha ziharibiwe, isipokuwa pale mwenye dai mwenyewe atakapochagua zihifadhiwe. Wanahistoria walihuzunika, na huzuni yao ina msingi, maana kukosekana kwa ushahidi humsaidia anayekanusha. Hata hivyo naona mahakama ilipima vizuri, kwa kuwa iliweka kwenye sheria mambo ambayo mikataba ya maonyesho huyaacha hewani: muda maalumu, mtu mmoja mwenye uamuzi, na utaratibu wa kufuta usiohitaji ruhusa ya anayehifadhi. Kifungu cha namna hiyo, pamoja na jina la yule ambaye msimuliaji anamrithisha uamuzi akifariki, kingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa fomu anayopewa, kabla kinasa sauti hakijawashwa.